SOMO: BUSTANI YA WOTE NA MAKUTA YAKE

Kusoma nyumbani kabla ya mkutano: Yeremia 29:4-7, 1 Wafalme 21:1-16, Nehemia 5:1-13, 2 Wakorintho 8:16-21.



Watu wengi wanafikiri kwamba nabii anasema juu ya mbingu, hukumu na vita tu. Lakini fungueni Yeremia sura ya 29. Wayahudi walikuwa uhamishoni Babeli, wakingoja kurudi kwao upesi. Nabii aliwatumia barua kutoka Yerusalemu. Katika barua ile hakuwaambia wakae na kulia. Aliwaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, wale matunda yake, na wautakie amani mji ule waliokaa ndani yake. Basi neno la nabii lilifika mpaka kwenye tuta la mboga.

Somo letu la leo linahusu jambo hilo: bustani ya pamoja kwa watu wa kartie ya pembeni, na makuta ya kuianzisha. Wengi wametusikia tukisema, "Tulime." Leo tuulize neno gumu zaidi: makuta yakipatikana, yaanze kununua nini?

1. KWA NINI BUSTANI?

Kasungami iko katika Komini Annexe, ile komini inayozunguka mji wa Lubumbashi. Mama wa kartie ya pembeni akitaka mboga mbichi, analipa mara mbili: analipa mboga yenyewe, na analipa njia ya kuifuata sokoni. Siku makuta ni machache, anaacha mboga, ananunua unga peke yake. Bukari inashibisha tumbo, lakini bukari peke yake haimjengi mtoto. Majani mabichi kama lengalenga, matembele na sombe yana vitamini A, inayolinda macho na kumsaidia mtoto kupigana na magonjwa. Yana pia chuma, ambayo damu inahitaji, na zaidi damu ya mama mwenye mimba.

Tena hata huo unga, sehemu kubwa tunaungoja kutoka ng'ambo ya mpaka. Mwaka 2024 tulijifunza vizuri. Tarehe 29 mwezi wa pili Zambia ilitangaza kwamba ukame umekuwa msiba wa taifa. Mwezi wa nane mwaka uleule mpaka wa Kasumbalesa ulifungwa siku chache kwa ugomvi wa biashara. Mji unaokula kwa mkono wa jirani unalala njaa siku jirani anapofunga mlango wake.

Wazee wetu wanakumbuka wakati wa Union Minière, na baadaye Gécamines, mfanyakazi alipopewa posho pamoja na mshahara. Watu walizoea: chakula kinatoka kampuni. Kampuni ilipoanguka katika miaka ya 1990, posho ilianguka nayo. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kazini kwa mpango uliolipiwa na Banki ya Dunia. Kila mmoja alipewa fedha ya mara moja. Fedha ya mara moja ni kama mvua ya siku moja: inalowesha udongo, lakini haijazi kisima.

Hapo ndipo fundisho letu linapoanza. Makuta ya bustani ni mbegu. Mbegu hailiwi, inapandwa ili irudi.

2. JE, KAZI HII IMEKWISHA KUFANYWA KWETU?

Ndiyo. Kuanzia mwaka 2000 shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, kwa fedha ya serikali ya Ubelgiji, lilisaidia bustani za mjini katika miji mitano ya Kongo: Kinshasa, Kisangani, Likasi, Lubumbashi na Mbanza-Ngungu. FAO ilihesabu kwamba mwaka 2005 kuingia 2006 bustani za miji hiyo zilitoa tani 148,000 za mboga. Miaka mitano baadaye zilitoa tani 330,000 kwa mwaka. Fedha iliyotumika kwa miaka mitano ile ilikuwa dola milioni 10.4.

Tusiangalie hesabu ya tani tu. Tuangalie kile walichokifanya. Hawakugawa mbegu na kuondoka. Walizungumza na wakuu wa miji juu ya ardhi, na hekta 1,600 za bustani zikapata haki iliyotambuliwa. Walitengeneza njia za maji, ili watu walime miezi mingi zaidi. Waliwafundisha walimaji kukaa katika vyama, na waliwafungulia njia ya mikopo midogo. Ardhi, maji, chama, mkopo. Mbegu ilikuwa na mahali pa kukaa.

Sisi hatuna dola milioni. Lakini utaratibu wao unaweza kufuatwa hata na watu 20 wenye makuta kidogo.

3. MAKUTA YAANZE WAPI?

Tuseme chumba cha maombi kimekusanya toleo la bustani. Kila mtu ana wazo lake. Mmoja anataka majembe, mwingine anataka mbegu za kabichi, mwingine anasema, "Tugawane, kila mtu ajue lake." Tushike utaratibu huu wa mambo manne, tuufuate kama ngazi, bila kuruka.

Kwanza: udongo. Mji wetu umezaliwa na shaba. Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi kilianza kazi mwaka 1911, na moshi wake ulianguka juu ya ardhi kwa miaka mingi sana. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamechunguza udongo na mboga za mji huu. Wameona shaba, kobalti, risasi na kadimi nyingi kupita kiasi katika bustani fulani na katika majani yanayouzwa sokoni. Upepo wetu mkubwa unatoka kusini-mashariki, kwa hiyo moshi ulielemea zaidi upande wa kaskazini-magharibi mwa kiwanda. Lakini kukaa upande mwingine si dhamana, maana vumbi la malori na maji ya mito vinabeba sumu pia.

Shikeni jambo moja vizuri, hasa mama wapishi. Vumbi lililo juu ya jani linatoka kwa kuosha. Sumu iliyopanda kwa mzizi na kuingia ndani ya jani haitoki kwa kuosha wala kwa kupika. Kwa hiyo makuta ya kwanza ni ya kupeleka udongo kwa wataalamu wa kilimo waupime. Kama si mbaya sana, samadi, mbolea ya majani yaliyooza na chokaa vinapunguza sumu inayopanda katika mboga. Kama ni mbaya, acheni mahali pale. Afadhali kupoteza makuta ya kipimo kuliko kumlisha mtoto risasi kwa jina la upendo.

Pili: karatasi ya ardhi. Someni 1 Wafalme 21. Nabothi alikuwa na shamba la mizabibu karibu na nyumba ya mfalme. Ahabu alilitaka ili alifanye nini? Bustani ya mboga! Tamaa ile ya bustani ilimwua mtu. Kwetu mambo yanageuka upande mwingine: bustani ya mboga inakatwa, inauzwa lupango kwa lupango, nyumba zinaota pale kabichi zilipokuwa. Watu wametoa magugu, wamechimba kisima, udongo umekuwa mzuri, na halafu mwenye shamba anakuja na mnunuzi.

Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema kwamba udongo ni mali ya taifa. Mtu anapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inasimama imara kwa hati ya kuandikishwa inayotolewa na ofisi ya ardhi. Karatasi ya kuuziana kati ya watu wawili haitoshi kuwa hati hiyo. Basi msilime kwa neno la mdomo. Kama ardhi ni ya kuazima, ulizeni kwanza hati ya mwenyewe. Andikeni mapatano: ni miaka mingapi, mpaka uko wapi, na akitaka kuirudisha anangoja mavuno yatoke au hapana. Mashahidi watie sahihi, na viongozi wa kartie na wa komini wajue. Tena angalieni lupango la kanisa lenyewe. Mara nyingi pembeni kuna udongo unaolala bure wiki nzima, nasi tunatafuta shamba mbali.

Tatu: maji. Mvua yetu inaanza karibu mwezi wa kumi au wa kumi na moja, inakwisha mwezi wa tatu au wa nne. Baadaye ni jua na baridi mpaka mwezi wa tisa. Wakati ule wa kiangazi ndio kabichi na nyanya zinafaulu vizuri, kwa sababu mvua na magonjwa yake hazipo. Lakini bila maji hakuna kitu.

Tufanye hesabu. Tuta la metro 10 kwa metro 1 linakunywa karibu lita 40 kwa siku ya jua, yaani bido mbili za lita 20. Watu 20 wakiwa na matuta mawili kila mmoja, ni matuta 40, ni bido 80 kila siku. Nani atabeba bido 80 kutoka mbali? Mama watabeba wiki ya kwanza, watabeba wiki ya pili, wiki ya tatu bustani itakauka, na tutasema, "Watu wa Kasungami ni wavivu." Hapana. Kisima ndicho kilichokosekana. Kabla ya kununua mbegu, chimbeni kisima, mkijenge kando yake, mkifunike, watoto wasianguke ndani, na kiwe mbali na choo. Mkichimbe mwishoni mwa kiangazi, wakati maji yameshuka chini kabisa. Kisima kinachopata maji mwezi wa tisa au wa kumi kitapata maji mwaka mzima.

Nne: mbegu na vyombo. Hapa sasa majembe, reki, makopo ya kunyweshea maji. Anzeni na lengalenga, ambayo inavunwa karibu wiki nne baada ya kupandwa, na matembele, ambayo inapandwa kwa kukata shina tu. Hizo zinatia moyo upesi, na mbegu yake mnaiweka wenyewe. Mbegu ya kabichi ni ya kununua kila mwaka, kwa kuwa kabichi haitoi mbegu vizuri katika hali ya hewa yetu. Iwe kwa sehemu ndogo ya kuuza.

4. MAKUTA YARUDI NAMNA GANI?

Tumekwisha kuona: udongo, karatasi na kisima ni vya wote. Toleo la kanisa lilipe vitu hivyo bila kudai virudi, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kubeba kisima kwenda nacho nyumbani. Lakini mbegu na vyombo vya kila mtu viwe mkopo.

Tuchukue mfano. Watu ni 20, na mbegu na vyombo vilivyopo vinatosha watu 10. Kumi wa kwanza wanapewa. Wakivuna, wanarudisha, na kumi wa pili wanapewa. Wakirudisha hao, wengine wa kartie wanaingia. Hii ni ndugu ya likelemba ambayo mama zetu wanaijua. Tofauti yake ni kwamba likelemba inazunguka kati ya walioweka, na mfuko wa bustani unaendelea mbele kumfikia asiyekuwa na kitu.

Mtauliza: arudishe kwa franka ngapi? Waliokuwa hapa mwaka 1993 hawajasahau. Mwezi wa kumi wa mwaka ule zaire mpya ilitoka, na moja ilikuwa sawa na zaire za zamani milioni tatu. Aliyekuwa ameweka makuta chini ya kitanda alibaki na karatasi. Kwa hiyo tuhesabu mkopo kwa vitu. Aliyepewa makopo mawili ya mbegu ya lengalenga arudishe makopo mawili ya mbegu safi. Aliyepewa jembe arudishe bei ya jembe la siku ile anapolipa. Hapo mfuko hautaliwa na mfumuko wa bei.

Na faida? Someni Nehemia 5. Watu waliweka rehani mashamba na mizabibu yao ili wapate nafaka, na ndugu zao matajiri wakawatoza riba. Nehemia alikasirika, akawakusanya wakubwa mbele ya mkutano mkubwa, akawataka warudishe mashamba na kuacha riba. Basi mfuko wa bustani usitoze riba. Kamba, ndoo na ukarabati wa kisima vilipwe na mchango mdogo wa wote, ulio sawa, unaojulikana.

Na asiyerudisha? Tuulize kwanza sababu. Kama wadudu walikula, au ugonjwa uliingia nyumbani, angojewe msimu mmoja. Kama aliuza mboga akala makuta, mbegu hiyo ni ya jirani yake anayengoja. Aambiwe hivyo kwa upole, na watu wawili, kabla ya kupelekwa mbele ya kundi.

5. NANI ASHIKE MFUKO?

Mtume Paulo alikusanya toleo kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Katika 2 Wakorintho 8 tunaona kwamba hakulibeba peke yake. Alituma ndugu kadhaa, wenye sifa njema makanisani, ili mtu asipate neno la kumlaumu. Alitaka jambo liwe sawa mbele za Bwana, na mbele ya watu pia. Kama mtume alijilinda hivyo, kiongozi gani wa leo atasema, "Mniamini tu"?

Wachaguliwe watu watatu: mmoja anashika makuta, mwingine anashika daftari, wa tatu anashika ufunguo wa sanduku. Wasiwe wa nyumba moja. Mama wawe ndani, maana ndio wanaolima zaidi. Kila mwezi daftari lisomwe kwa sauti mbele ya wote: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Na bustani ni ya kartie, si ya wenye kadi ya kanisa letu tu. Yeremia aliwaagiza watu wake wautakie amani mji mzima, hata mji wa wageni. Jirani wa dini nyingine naye ana mtoto anayehitaji mboga.

6. TOLEO LETU LITAKUWA LA NAMNA GANI?

Iko habari moja ya kutuonya, ya mbali, katika mji wa Detroit, Marekani. Mwaka 1893 viwanda vilifungwa, watu wengi wakakosa kazi. Mwaka 1894 meya wa mji, Hazen Pingree, aliomba wenye viwanja visivyotumika wavitoe kwa maskini walime viazi na mboga. Ardhi ilipatikana, zaidi ya ekari 400. Makuta ya kulimisha na kununua mbegu hayakuwapo. Meya aliyaomba makanisa ya mji yakusanye sadaka. Sadaka iliyotoka ilikuwa kidogo sana, ya aibu. Watu walimcheka. Basi meya aliuza farasi wake mwenyewe. Jamaa zaidi ya 900 walilima mwaka ule, na mavuno yao yalikuwa na bei kubwa kuliko makuta yote yaliyotumika. Miji mingine ya Marekani ikaiga.

Wandugu, siku ile makanisa yalikuwa na nafasi, na yaliipoteza kwa mtu wa serikali mwenye farasi. Sisi tukiulizwa, tutatoa nini? Si lazima makuta tu. Mwenye lupango kubwa atoe pembe yake kwa miaka michache. Mwenye kuku atoe samadi. Fundi mwashi atoe siku mbili za kujenga kando ya kisima. Kijana anayejua kuandika atoe mkono wake kwa daftari. Na asiye na ardhi kabisa asikate tamaa: katika kartie ya Kibera, Nairobi, kuanzia mwaka 2008 shirika la Solidarités liliwasaidia watu kupanda mboga ndani ya magunia yaliyojazwa udongo, mlangoni mwa nyumba. Gunia moja halimalizi njaa, lakini linaleta mboga kwenye sufuria.

KAZI YA WIKI HII

(a) Kila chumba cha maombi kitembee kartie yake, kiandike mahali pote penye udongo unaolala bure, na jina la mwenyewe. (b) Ulizeni mama watano: mboga mbichi wanakula siku ngapi kwa wiki, na wanailipa wapi. (c) Chagueni watu watatu wa mfuko kabla ya toleo la kwanza kukusanywa, si baadaye.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA PAMOJA

1. Yeremia aliwaagiza watu wapande bustani katika mji ambao haukuwa wao. Sisi tunasema "nitalima nikipata langu." Nani ana haki?
2. Kwa nini udongo upimwe kabla ya kununua mbegu?
3. Bustani gani ya jirani unaijua iliyokufa? Ilikosa nini: udongo mzuri, karatasi, maji, au watu waaminifu?
4. Mtu asiporudisha mbegu, nani anakosa chakula?

Tumalize. Watu wa Babeli ya zamani waliopanda bila shaka hawakuona wote siku ya kurudi Yerusalemu. Lakini watoto wao walikula. Na sisi tukianza na kisima mwaka huu, hata toleo likiwa dogo, lisiliwe. Lizikwe udongoni, na litarudi likiwa lengalenga mkononi mwa mtoto wa Kasungami.

Bwana abariki mikono inayolima na mikono inayohesabu. Amina.